Desktopu mpya inasumbua? Pitia hapa kabla hujairudisha

Mashine mpya imefika, umeitoa kwenye boksi, umechomeka kila kitu, na badala ya kufurahia unakuta kioo cheusi, au inawaka vizuri tu ila intaneti hakuna, au kila kitu kipo lakini iko slo kuliko ile ya zamani. Nimehamia kwenye desktopu mpya juzijuzi na nimeshawasaidia ndugu na marafiki kuhama pia, na kwa niliyoyaona matatizo mengi ya wiki ya kwanza yanatoka kwenye waya uliokaa pasipo pake, setingi iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, au kitu kilichobaki kule kwenye mashine ya zamani. Mashine yenyewe mara nyingi ni nzima kabisa.

Ndio maana nakuomba mambo mawili kabla hatujaanza. Mashine ya zamani usiiguse, usiifute, usiiuze, usimpe mtu, iache kama ilivyo angalau mwezi mzima maana kila siku utakumbuka kitu ulichokiacha humo. Na la pili, jaribu kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mashine ikapona hutajua kipi kimeiponya, na ikizidi kuharibika ndio kabisa hutajua uanzie wapi.

Unabonyeza pawa, kimya

Hii inatisha watu kuliko zote wakati mara nyingi ndiyo nyepesi kuliko zote. Nyuma ya keisi pale ilipo pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme) kuna swichi ndogo yenye alama za I na O, ikiwa upande wa O umeme hauingii hata ubonyeze mpaka kidole kichoke, na mashine nyingi zinasafirishwa swichi hiyo ikiwa imezimwa. Alafu jaribu soketi ya ukutani moja kwa moja bila kupitia ekstensheni, na jaribu waya mwingine wa umeme, ule wa monita mara nyingi unaingiliana.

Kama bado kimya na mashine umeiunga mwenyewe au umeungiwa na jamaa, fungua ubavu uangalie nyaya mbili: ule mpana wa pini 24 unaoingia ukingoni mwa mazabodi (ile bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote), na ule wa pini 8 wa prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za mashine) uliojificha juu kabisa kwenye kona. Huo wa pili ndio unaosahaulika, na bila huo feni zinaweza kuzunguka lakini hakuna kinachoendelea. Cheki pia kiwaya chembamba kinachotoka kwenye kitufe cha pawa cha mbele, kinakaa kwenye pini 2 tu chini ya mazabodi, kikikaa pini moja pembeni kitufe kinakuwa pambo.

Na hapa nisikilize vizuri kwa sababu hili linaunguza vitu. Kama umebadilisha pawa saplai ya zile zenye nyaya za kuchomoa, usitumie nyaya za pawa saplai ya zamani kwenye mpya hata kama zinaingia bila shida. Upande wa diski na upande wa mazabodi plagi zote ni za kiwango kimoja, lakini upande wa pawa saplai yenyewe kila kampuni inapanga pini inavyotaka, na hata kampuni hiyohiyo inaweza kubadilisha mpangilio kati ya modeli moja na nyingine, kwa hiyo unaweza kupeleka volti 12 mahali panapotaka volti 5 na diski yenye picha zako zote ikafa sekunde hiyohiyo. Pawa saplai ya zamani ikiondoka, nyaya zake ziondoke nayo.

Feni zinazunguka, taa zinawaka, monita inasema hakuna signali

Hapa ndipo watu wengi wanakwama kwa hiyo tukae kidogo.

Zunguka nyuma uangalie waya wa monita umeingia wapi. Desktopu yenye kadi ya grafiki (kadi ya pembeni ya kutengeneza picha) ina sehemu mbili za kuchomeka monita, za juu zilizochanganyika na matundu ya USB ni za mazabodi, na za chini zilizojipanga peke yake kwenye mstari ni za kadi. Waya unatakiwa uwe huko chini kwenye kadi. Prosesa za Intel zenye F mwishoni mwa jina, mfano Core i5-12400F, hazina grafiki ndani kabisa, kwa hiyo tundu la HDMI la mazabodi unaliona lipo lakini halitoi kitu, na Ryzen za mezani za familia ya 5000 zisizo na herufi G ni hivyohivyo. Na hata kama prosesa yako ina grafiki, ukichomeka juu picha utaipata lakini ile kadi uliyoitolea hela itakuwa imekaa tu, alafu baadae utashangaa kwa nini gemu zinakwama.

Waya uko sawa? Monita yenyewe chagua ingizo sahihi kwa vitufe vyake, maana kama zamani ulikuwa unatumia HDMI na sasa umechomeka DisplayPort, monita nyingine zitaendelea kusikiliza HDMI mpaka uziambie.

Sasa kuna hili ambalo limewafanya watu warudishe mashine nzima. Kama mashine inatumia ramu (kumbukumbu ya muda) za kizazi kipya cha DDR5, ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa, na ukiwa na ramu nyingi hata robo saa, kwa sababu inazipima ramu na kutafuta namna ya kwenda nazo. Ukikosa subira ukaikatia umeme katikati inaanza upya, ukikata tena inaanza upya tena, na wewe unaamini imekufa. Washa, nenda kafanye shughuli nyingine, urudi. Kazi hiyo ikishaisha mara zinazofuata inawaka haraka, ila ukiapdeti BIOS (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows) au ukibadilisha ramu itarudia.

Umesubiri na bado? Angalia taa. Mazabodi nyingi za siku hizi zina taa 4 ndogo pembeni zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, mashine ikiwashwa zinawaka moja baada ya nyingine na ile itakayoganda ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia. Mashine yangu ilikuja ikiwa imeunganishwa tayari, ikawaka, feni safi, taa ya DRAM ikaganda njano na kioo hakina kitu. Dawa yake ni hii: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha pawa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha keisi kutoa umeme tuli mwilini, kisha chomoa ramu zote. Chukua moja tu, geuza mpaka ule mkato wa chini uelekeane na kizuizi kilicho ndani ya sloti, iweke sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, weka kidole gumba kila ncha na usukume kwa pamoja. Inataka nguvu kuliko unavyodhani, unaona mpaka mazabodi inapinda kidogo na roho inaruka, lakini mpaka usikie klik na kile kibano kijifunge chenyewe bado haijaingia. Kwa macho ramu yangu ilikuwa imekaa vizuri kabisa, ila upande mmoja ulikuwa umenyanyuka kama milimita moja hivi, mtikisiko wa barabarani tu huo. Iliposhuka, picha ikaja.

Ikiwaka na ramu moja zima tena uongeze ya pili, na zikiwa mbili kwenye mazabodi ya sloti 4 zikae sloti ya pili na ya nne, zile zinazoandikwa A2 na B2. Taa ya VGA ikiganda fanya hivyohivyo kwa kadi ya grafiki, ichomoe uirudishe na uangalie nyaya zake za umeme, kadi nzito zinalegea sana safarini. Zile kubwa zinazotumia plagi moja ya pini 16 hakikisha plagi imeingia mpaka mwisho, pasionekane mwanya, maana ikiingia nusu inaweza kushika moto mpaka plastiki ikayeyuka.

Vyote hivyo vikishindikana rudisha BIOS kwenye hali ya kiwandani: chomoa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032, subiri dakika chache, rudisha, washa, na usisahau kuwa ramu zinaweza kuanza kupimwa upya.

Umehamisha diski ya zamani na Windows inagoma kuwaka

Wengi wanatoa SSD (diski isiyo na kinachozunguka) au hadi diski (hard disk, ile ya kuzunguka) kwenye mashine ya zamani wanaichomeka kwenye mpya wakitegemea iendelee ilipoishia. Wakati mwingine inakubali. Isipokubali sababu kubwa ni kwamba Windows ya zamani iliwekwa kwa mfumo wa kale wa kuwasha, diski ikapangwa kwa MBR, wakati mazabodi mpya inataka UEFI, mfumo mpya wa kuwasha, na diski iliyopangwa kwa GPT, hivyo BIOS inaiona diski lakini haioni cha kuwasha. Windows ina kifaa chake kinaitwa mbr2gpt kinachobadilisha bila kufuta data, ila usikiguse kabla hujafanya bakapu mahali pengine.

Mimi ushauri wangu ni mwingine kabisa, mashine mpya iwekee Windows mpya kwenye SSD mpya, na ya zamani ichomeke kama diski ya pili ya kutolea mafaili. Ile ya zamani imebeba draiva (programu zinazoongoza vifaa) za mazabodi nyingine na mabaki ya programu za miaka nenda rudi, na utakuja kupoteza muda mwingi kutafuta tatizo ambalo ulilihamisha kwa mikono yako.

Kuna wengine wanawasha na kukuta skrini ya bluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, kufuli la diski la Windows, diski ilifungwa na ufunguo ukahifadhiwa kwenye TPM, chipu ya usalama ya mazabodi ya zamani, mazabodi mpya haiujui. Usianze kubahatisha. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, sehemu ya funguo za BitLocker, mara nyingi utaukuta huko, na kama mashine ya zamani bado inawaka rudisha diski kwake ikafunguke, ndani ya Windows zima BitLocker, subiri imalize kufungua diski yote, alafu ndio uhame. Unaona sasa kwa nini nilisema usiiuze. Ufunguo usipopatikana popote hakuna fundi atakayekufungulia, akikwambia anaweza anakula hela yako.

Na kama ni Windows 11 yenyewe inakataa kuwekwa ikisema mashine haikidhi vigezo, na mashine ni ya juzi, ingia BIOS uwashe TPM. Kwa Intel inaandikwa PTT, kwa AMD inaandikwa fTPM. Washa na Secure Boot. Wengi wamehama mashine kwa sababu sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hili linawakuta wengi wanaojiungia mashine wenyewe.

Diski ya pili haionekani, au inaonekana inakukatalia

Haionekani hata BIOS: cheki nyaya zote mbili, wa data na wa umeme, kwa sababu diski za SATA (zile za kuunganishwa kwa nyaya) zina mbili na watu wanachomeka mmoja. Alafu soma kitabu cha mazabodi, kuna mazabodi ambazo ukijaza sloti fulani ya M.2 (ya SSD nyembamba inayolala kwenye mazabodi) zinazima matundu fulani ya SATA kwani yanagawana njia. Hamisha waya kwenye tundu lingine la SATA uone.

Inaonekana BIOS ila haipo kwenye This PC: fungua Disk Management. Kama ipo humo na data zako ila haina herufi, ipe herufi tu, imeisha. Lakini ikikutolea kiboksi cha Initialize Disk na unajua humo ndani kuna mafaili yako, BONYEZA CANCEL. Kukubali kunaandika ramani mpya ya diski juu ya ile ya zamani, na hapo kazi ya kurudisha mafaili inakuwa ngumu na ghali. Kwanza badilisha waya, tundu, au ijaribu kwenye mashine ya zamani.

Inafunguka ila folda ya jina lako inasema huna ruhusa: hiyo ni kawaida, Windows mpya inakuona wewe ni mtu mwingine hata kama jina ni lilelile. Bonyeza Continue kama umeingia kwa akaunti ya msimamizi na usubiri, ikiwa na mafaili mengi inachukua muda. Ikikataa ingia kwenye Properties, Security, Advanced, ubadilishe mmiliki awe wewe.

Intaneti hakuna

Waifai ya desktopu ina antena zake, vijiti viwili au kile kisanduku chenye waya, viko ndani ya boksi la mazabodi na watu wanaviacha humo wakidhani ni vya ziada. Vifungie nyuma kwenye zile skrubu mbili za rangi ya dhahabu. Bila hizo mashine itaona mtandao ikiwa karibu kabisa na rauta au isiuone kabisa, na bluetooth nayo itakatika-katika kwa sababu inapita humohumo.

Kama Windows haioni hata kadi ya mtandao, ni draiva, mazabodi ni mpya kuliko Windows iliyo kwenye flashi yako. Chukua simu, iunganishe kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, Windows kwa kawaida inaikubali moja kwa moja, kisha endesha Windows Update ilete draiva. Au pakua draiva za LAN (mtandao wa waya) na waifai kwenye mashine ya zamani, kutoka kwenye ukurasa wa mazabodi yako hiyohiyo kwa modeli kamili, uzilete kwa flashi. Zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote za mashine kwa kubonyeza mara moja achana nazo, nyingi zinakuletea takataka.

Mashine mpya ila iko slo

Siku mbili tatu za kwanza usihukumu. Windows inapakua apdeti, inasoma mafaili yote ili uweze kuyatafuta, OneDrive inashusha vitu, antivairasi inakagua diski nzima. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc uangalie ni nini kinakula prosesa na diski. Kikiwa ni kimoja wapo cha hivi, acha mashine ikiwa imewashwa usiku imalize.

Ikizidi hapo, swali langu la kwanza ni Windows imekaa kwenye diski gani. Hadi diski ya kuzunguka inasoma kama MB 100 hadi 200 kwa sekunde, na kwa vifaili vidogovidogo inashuka vibaya sana, SSD ya SATA inafika kama 550, SSD ya kasi zaidi, NVMe ya PCIe 4.0 nzuri, inafika karibu 7000. Mtu amenunua prosesa kali alafu akakopi Windows yake kwenye hadi diski ya zamani, hakuna prosesa itakayomsaidia, yaani ni sawa na kuajiri mpishi hodari alafu maji anachotewa kwa kijiko.

Cha pili ni ramu. Kwenye hiyohiyo Task Manager ingia Performance, Memory, uangalie spidi. Ramu ya DDR5 iliyoandikwa 6000 kama hujawasha profaili yake ya spidi ndani ya BIOS inaweza kuwa inatembea 4800, na DDR4 ya 3200 mara nyingi utaikuta 2133 au 2400. Profaili hiyo inaitwa XMP, kwa AMD mpya ni EXPO, iko ukurasa wa mbele wa BIOS nyingi. Ukiiwasha na mashine ikaanza kugandaganda, shusha spidi hatua moja. Angalia pia kama umewekewa ramu kipande kimoja badala ya viwili, maana kimoja kinatumia njia moja tu ya kupitishia data badala ya mbili, na kama huna kadi ya grafiki ya pembeni utalisikia hilo vibaya kwenye gemu na video.

Cha tatu ni monita. Umenunua monita ya 144 Hz, na mausi inatembea kama zamani? Windows inaweza kuwa imeiacha kwenye 60. Settings, System, Display, Advanced display, chagua 144. Isipokuwepo kwenye orodha, shuku waya wa HDMI wa zamani uliouhamisha na monita, tumia DisplayPort.

Inazima au inajirestati yenyewe

Jiulize inazima lini. Ikizima ukiwa kwenye gemu au unarenda video, mbio zote zinaelekea joto au umeme. Joto unalipima, weka programu ya kuonyesha nyuzi na uangalie ikiwa kazini. Nyuzi 80 na kitu kwenye kazi nzito sio ajabu, Ryzen za familia ya 7000 zimetengenezwa zifike hata 95 bila madhara, lakini ukiona mashine imekaa tu haifanyi kitu na iko 80 au 90 kipoza joto hakijagusana vizuri na prosesa. Kifungue, na mara nyingine utakuta ile plastiki nyembamba ya kinga bado imebandikwa chini yake. Ibandue, futa pasta ya zamani, weka mpya kidogo, funga skrubu kwa kupishana kona na kona.

Joto likiwa sawa basi pawa saplai, hasa kama umehamisha ya zamani kwenye mashine mpya yenye kadi kubwa. Kadi za sasa zinavuta umeme kwa kuruka ghafla, pawa saplai iliyokuwa inatosha jana inajikata. Watu wakifungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows) wanakutana na Kernel-Power 41 wanapaniki, lakini hiyo inakwambia tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, haikwambii nani kaizima, kwa hiyo usinunue kifaa chochote kwa sababu ya hiyo namba peke yake.

Ikizima au ikitoa skrini ya bluu ovyoovyo hata ukiwa unaandika tu, zima XMP kwanza, alafu pima ramu kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja wakati XMP imezimwa, pima kipande kimoja kimoja, kibovu kirudishe.

Na jambo moja linalochanganya wengi: Shut down ya Windows siku hizi sio kuzima kamili kwa sababu ya Fast Startup, inahifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha ukiwasha. Kwa hiyo ukitaka kujua kama tatizo limeondoka tumia Restart. Kuna watu wanazima na kuwasha siku nzima na tatizo liko palepale, wakirestati mara moja linaondoka.

Hivi vidogo vinavyokera

Sauti hakuna: kadi ya grafiki imepeleka sauti kwenye monita kupitia HDMI na monita haina spika. Bonyeza alama ya spika chini, chagua spika zako. Tundu la mbele tu ndilo bubu, basi waya wa HD Audio ndani ya keisi haujachomekwa.

Mausi au kibodi isiyo na waya inarukaruka: kile kidude chake umekichomeka nyuma pembeni ya diski ya USB 3. USB 3 inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo mausi inatumia, Intel wenyewe waliandika juu ya hili mwaka 2012. Kihamishie mbele au mbali na diski.

Printa ya zamani: weka draiva kabla ya kuichomeka waya, na kama kampuni haina draiva ya Windows 11 jaribu ya Windows 10 ya biti 64, mara nyingi inakubali.

Windows inasema haijaaktivetiwa: fungua Command Prompt kwenye mashine ya zamani, andika slmgr /dli. Ikisema RETAIL leseni inahamishika, iunganishe na akaunti yako ya Microsoft kisha kwenye mpya tumia Activation Troubleshooter useme umebadilisha hadiwea. Ikisema OEM, hiyo ilizaliwa na mashine ya zamani na itabaki nayo.

"Mafaili nimehamisha yote lakini kuna vitu sivioni"

Hili ndilo linaloumiza zaidi kuliko kioo cheusi, kwa sababu linajitokeza wiki ya tatu wakati mtu ameshafuta mashine ya zamani. Watu wanakopi Documents, Pictures na Desktop, basi. Lakini programu nyingi zinaweka vitu vyao kwenye folda ya AppData ambayo imefichwa, iko ndani ya folda ya jina lako, bonyeza View, Show, Hidden items uione. Humo ndio kuna profaili ya brauza, barua za Thunderbird, seivu za gemu nyingi, tempuleti, kamusi ulizozifundisha maneno. Kopi AppData nzima iweke pembeni hata kama huijui ina nini. Usiibandike juu ya AppData ya mashine mpya, chukua kimoja kimoja unachokihitaji.

Barua pepe nazo angalia imeunganishwaje. Ikiwa ni IMAP barua ziko seva, ukiingia kwenye mpya zinashuka zote. Ikiwa ni POP, barua za miaka yote zinaweza kuwa ziko kwenye diski ya zamani peke yake na seva haina hata moja, utafungua mashine mpya ukute kikasha kitupu. Paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza zisinki kwa akaunti au zitoe kwenye faili, ziingize kwenye mpya, alafu faili hilo lifute maana liko wazi kwa yeyote.

Mwezi ukipita na hujarudi kwenye mashine ya zamani kutafuta kitu, ndio uanze kuiaga. Toa kwanza leseni za programu za kulipia zinazohesabu mashine, fungua kila moja uondoke kwenye akaunti ukiwa bado unaweza, hakikisha ufunguo wa BitLocker wa mashine mpya umeuandika mahali nje ya mashine hiyo, fanya bakapu moja ya mwisho kwenye diski ya nje na ujaribu kufungua mafaili machache kutoka kwenye bakapu hiyo. Kisha tumia Reset this PC, Remove everything, na kwenye setingi zake washa ile ya kusafisha diski. Kama mashine inakwenda kwa mtu usiyemjua na diski ilikuwa na karatasi zako za benki au za hospitali, itoe diski ubaki nayo.